Kundi la chama lipewe mwalimu

Fungua kundi la WhatsApp la chama chochote cha wanataaluma nchini, kiwe cha wauguzi, wahasibu, mawakili au wahandisi, utayakuta yale yale. Tangazo la mkutano mkuu. Namba ya kulipia ada. Msiba wa mzazi wa mwanachama, na pole zinazofuatana hadi kidole kichoke kupandisha. Faili la PDF la kurasa nyingi lililorushwa bila neno la maelezo. Kisha, katikati ya hayo, swali la mkunga aliyetoka zamu: mama alijifungua salama, damu ikakataa kukata, nilimpa dawa ya kwanza nikasubiri, je, nilikosea kusubiri? Majibu yanaanza kuingia, mengine ya busara, mengine ya kubahatisha. Kabla hajatokea mtu wa kusema lipi ni sahihi, linatua tangazo la viwanja vinavyouzwa Kigamboni, na mjadala umekwisha.

Swali lile lilistahili wiki nzima ya chama, maana jibu lake lipo na limepimwa hapa hapa kwetu. Mei 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Damu ilipimwa kwa shuka la plastiki lenye mfuko na mistari ya vipimo badala ya kukadiriwa kwa macho. Ikionekana inavuka kiwango, tiba zote zilitolewa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, asidi ya traneksamiki, dripu, na kukagua damu inatoka wapi. Hakuna kutoa moja na kusubiri. Idadi ya akina mama waliopoteza damu kupita kiasi, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufariki ilipungua kwa asilimia 60.

Mkunga wa zahanati Tunduru au Kibondo atalipataje somo hilo? Njia tuliyoizoea ni semina. Wilaya inateua mtu mmoja, anakwenda Dodoma au Arusha, anakaa ukumbini siku tatu, anarudi na mkoba, cheti na nia njema ya kuwafundisha wenzake. Wenzake wako zamu. Mkoba unaonekana, somo halionekani. Wakati huo huo simu iko mfukoni mwa mkunga, bando la mitandao ya kijamii ni nafuu kuliko nauli ya kufika makao makuu ya wilaya, na kundi la chama limo ndani ya simu hiyo tayari.

Wapo watakaosema taaluma haifundishwi kwa simu. Wamtazame Dk. Sanjeev Arora, daktari wa ini wa Albuquerque, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Mwaka 2003, akiwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakingoja miezi kumwona, alianza kukutana kwa video kila wiki na watoa huduma wa vijijini na wa magerezani. Wao walileta kesi za wagonjwa wao, yeye na wenzake wakazijadili pamoja nao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: waliotibiwa na watoa huduma hao walipona kwa asilimia 58, waliotibiwa kwenye kliniki ya chuo kikuu alikofanya kazi Arora kwa asilimia 57 na nusu. Video ilikuwa njia tu. Waliofaulu walikuwa na kesi za kweli, mtaalamu wa kujibu, na ratiba isiyoyumba. Vyote hivyo vinaweza kuwekwa ndani ya kundi la WhatsApp, na hakuna hata kimoja kinachojileta chenyewe.

Ndipo tunapowalaumu viongozi wa vyama. Wamefungua makundi, wakamwachia katibu anayejitolea, ambaye kazi yake imekuwa kuwaondoa wauza viwanja na kuwakumbusha watu ada. Hakuna aliyepewa jukumu la kufundisha. Na kurusha faili si kufundisha. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliokisoma tena na tena. Mwanachama aliyepokea faili na kujibu kwa alama ya kidole gumba hata mara moja hajalisoma.

Tunachotaka kinawezekana kuanzia mwezi huu. Chama kimteue mratibu wa masomo, mtu anayeheshimika wodini au ofisini, na kimlipe posho ya muda wake na bando lake. Jumatatu aweke kesi moja fupi, na kura ya hatua ya kwanza ya kuchukua. Jibu asilitoe siku hiyo. Awaache watu wabishane, watoe sababu, warudi kwenye mwongozo wa wizara. Alhamisi bingwa ajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tano, akisema waziwazi nani alipotea na kwa nini. Ijumaa muhtasari wa ukurasa mmoja uingie kwenye tovuti ya chama. Fedha zitoke wapi? Ifutwe semina moja ya hotelini.

Lipo jambo moja ambalo waratibu wengi watalisahau, nalo ndilo gumu kuliko yote: heshima. Muuguzi mdogo hatauliza swali la kijinga mbele ya muuguzi mkuu wa mkoa wake, aliye humo humo kundini akisoma kimya. Ataandika, atafuta, atanyamaza, kisha kesho atabahatisha kwa mgonjwa. Wakili chipukizi vivyo hivyo, akijua kwamba mwenye kampuni atakayomwomba kazi anamwona. Kwa hiyo maswali yapite kwa mratibu na yawekwe bila jina. Na wakubwa nao wakubali kukosolewa mule ndani. Mratibu asiyeweza kumwambia daktari bingwa kwamba dozi aliyotaja imepitwa na wakati hafai kazi hiyo.

Siri za watu nazo zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka habari za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na picha ya kidonda yenye sura ya mgonjwa haina kisingizio cha elimu. Kuondoa jina pekee hakutoshi. Ukisema binti wa miaka 17, mapacha, kituo fulani, usiku wa Jumapili, kijiji kizima kimeshajua ni nani. Kesi ibadilishwe umri, mahali na siku kabla haijafika kundini. Mawakili wana wajibu uo huo kwa wateja wao, na wahasibu kwa vitabu wanavyovikagua.

Mabaraza ya taaluma nayo yanahusika. Mahali pengi wanataaluma wanadaiwa pointi za mafunzo endelevu ili kuhuisha leseni. Chama cha Mawakili Kenya, kwa mfano, kinataka pointi 5 kwa mwaka. Pointi zikitolewa kwa kuhudhuria tu, tutakuwa tumeuhamishia kwenye simu ugonjwa wa semina: kusaini, kula, kupokea cheti. Tumeyaona tayari kwenye mafunzo ya Zoom, mtu kajiunga, kazima kamera, yuko kwenye daladala anaelekea kwenye shughuli zake. Mwenye kujibu kesi nane kati ya kumi kwa sababu zinazoeleweka apewe pointi. Mwenye kusoma kimya asipewe, hata kama kundini ni mzee wa siku nyingi.

Mwisho, chama kisisahau kwamba mitandao hii ni ya watu wengine. Oktoba 4, 2021 WhatsApp, Facebook na Instagram vilizimika duniani kote kwa saa kadhaa. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini Tanzania. Chama kilichoweka hazina yake yote ya masomo ndani ya kundi kinaweza kuipoteza kwa kosa la fundi wa California, kwa amri ya mdhibiti, au kwa simu ya admini kuibiwa Kariakoo. Muhtasari wa kila wiki uhifadhiwe mahali ambapo chama chenyewe kina ufunguo, na mwanachama asiye na simu janja aweze kuupata umechapwa kwenye karatasi kituoni kwake.

Wanachama wamelipa ada, na wengi wamelipa kwa kukatwa mshahara. Tunawaomba viongozi wanaojiandaa kwa mikutano mikuu ya mwaka huu waweke ajenda moja mbele ya uchaguzi na fulana: jina la mratibu wa masomo, posho yake, na tarehe ya kesi ya kwanza. Wauguzi na wakunga waanze na ile ya damu.