Kifaa Kilichofungwa kwa Gari la Mwingine
Huko Marekani, wenye pikapu za dizeli huuziana vifaa vilivyokwisha kutumika vya kubadili programu ya injini ili kuiongezea nguvu. Biashara hiyo ina mtego. Vingi vya vifaa hivyo, vikishatumika katika gari, hujifunga kwa namba ya chesisi yake. Muuzaji asiporudisha kwanza programu ya asili, mnunuzi amenunua bati tupu. Kumbe ulaghai hauko kwetu peke yetu! Baya zaidi ni moshi. Mwaka 2020 idara ya mazingira ya huko ilikadiria kuwa pikapu zaidi ya 550,000 ziliondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi. Maofisa wetu wa bandarini, pikapu kuukuu ikiteremshwa, hawana budi kulikagua bomba lake kabla ya kuitoza ushuru.