TAHARIRI: Ndondo ya Guangzhou na viwanja vyetu vya nyumbani

Jumapili moja ya Oktoba mwaka jana tulikuwa Guangzhou, kusini mwa China, katikati ya msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, yale yanayofanyika mara mbili kila mwaka tangu 1957. Hatukwenda kununua kontena. Tulikwenda kuonana na wasomaji wetu wanaoishi huko, na mmoja wao, baada ya kutulisha wali na maharage mtaa wa Xiaobei, akatuuliza: "Kaka, jioni unarudi hotelini kulala au unakwenda kutazama mpira?" Kwa mtu aliyekulia Ilala, akisikia kelele za Uwanja wa Karume kutoka chumbani kwao, swali hilo halina majibu mawili.

Tulidhani tunapelekwa Tianhe. Hapo ndipo ilipokuwa ikicheza Guangzhou Evergrande, klabu iliyonunuliwa mwaka 2010 na kampuni ya majumba ikiwa imeshushwa daraja kwa kashfa ya kupanga matokeo. Pesa zilimwagwa. Akaletwa Marcello Lippi, aliyeipa Italia Kombe la Dunia 2006, wakaletwa Wabrazili, na klabu ikachukua ubingwa wa China miaka saba mfululizo kuanzia 2011, kisha wa nane mwaka 2019. Ubingwa wa Asia ikauchukua mara mbili, 2013 na 2015. Leo klabu hiyo haipo. Kampuni mama ilizama kwenye madeni, timu ikashuka daraja mwaka 2022, na Januari 2025 ikanyimwa kibali cha kucheza ligi kwa kushindwa kulipa inachodaiwa. Mwenyeji wetu alicheka tulipomtajia Tianhe. "Huko tulikuwa tunakwenda zamani," alisema.

Kiwanja alichotupeleka kiko chini ya barabara ya juu, kimezungushiwa wavu wa chuma, nyasi zake ni za plastiki, na zile punje nyeusi za mpira tulirudi nazo hotelini ndani ya soksi. Hakuna jukwaa. Hakuna tiketi. Kinakodishwa kwa saa, na kila mchezaji hutuma mchango wake kwa simu kabla hajavua viatu. Upande mmoja walikuwa wafanyabiashara na mawakala wa mizigo: Watanzania, Wakenya, Waganda wawili, Wakongo kutoka Bukavu. Upande wa pili wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana wenye mapafu, ambao dakika kumi za kwanza waliwakimbiza wazee wa makontena mpaka tukawahurumia. Watazamaji hatukufika hamsini. Dada mmoja alikuwa na chupa ya chai na ndoo ya chapati, nasi tukanunua bila kuulizana bei. Nje ya wavu walisimama wazee wa Kichina waliotoka matembezini, na kila mpira ulipokaribia goli walipiga kelele "jia you!" Tuliuliza maana yake, tukaambiwa ni "ongeza mafuta". Basi nasi tukaanza kuongeza mafuta kwa Kiswahili, mpaka sauti zikakauka.

Goli la tatu la wafanyabiashara lilizua ugomvi. Wanafunzi walisema ni la kuotea, na ubishi ukaendeshwa kwa Kiswahili, Kilingala na Kichina kwa wakati mmoja. Mwamuzi, ambaye siku za kazi ni wakala wa kusafirisha mizigo, aliwatuliza kwa kuwakumbusha kwamba saa ya kukodi haimsubiri mtu. Matokeo yalikuwa 3-3 na mpira ulikuwa bado mtamu wakati timu ya wafanyakazi wa ofisi moja ya Kichina ilipofika langoni na mipira yao mkononi. Zamu yetu ilikuwa imekwisha. Hakuna muda wa nyongeza kwa mpangaji.

Kipa wa wafanyabiashara, kijana aliyeokoa mipira miwili ambayo hata sasa hatuelewi aliifikiaje, alikuja kutusalimia. "Shikamoo, mzee. Leo ndiyo mechi yangu ya mwisho, viza inaisha Alhamisi." Alisema bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja saa ya basi. Wenzake walikuwa tayari wanaulizana nani atakaa golini wiki ijayo. Timu hiyo, tuliambiwa, hubadilika karibu yote kila baada ya miaka michache, lakini jina, jezi na siku ya mechi vimebaki vilevile. Sisi ambao tumetoka kwetu kwa sababu ya kalamu, na hatujui lini tutakaa tena kwenye kona yetu ya Uwanja wa Taifa, tulilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa.

Aprili 2020 karibu lingekufa kabisa. Kisingizio kilikuwa corona. Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba walizopanga na vyumba vya hoteli walivyolipia, wakalala barabarani na mabegi yao, hata mabalozi wa Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya kulalamika. Mwishoni mwa 2019 serikali ya jiji ilihesabu Waafrika zaidi ya 13,000. Aprili hiyo ikahesabu 4,553. Mwezi huohuo, katika jiji hilohilo, Evergrande walizindua ujenzi wa uwanja wenye umbo la ua la yungiyungi, wa watu 100,000, waliosema utakuwa mkubwa kuliko yote duniani kwa timu za soka. Mwaka 2022 ardhi ile ilirudishwa serikalini. Ua halikuchanua, na klabu iliyokusudiwa kulichezea imezikwa. Waliofukuzwa kwenye vyumba, wale waliobaki na wale waliorudi baadaye, wamekusanyika tena chini ya barabara ya juu na kuchangishana.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko macho yetu yalikokuwa muda wote tukitazama mechi ile.

Wachina wametujengea viwanja, na hatuna sababu ya kuwa wachoyo wa shukrani. Amaan ya Zanzibar ni ya mwaka 1970. Uwanja tunaouita leo Benjamin Mkapa, wa watu 60,000, ulifunguliwa 2007. Arusha, uwanja wa watazamaji 30,000 ulipewa kampuni ya Kichina kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tunaloandaa pamoja na Kenya na Uganda, na Nairobi nako ule wa Talanta, wa watu 60,000, ulipewa Wachina. Agosti 2025 nchi zetu tatu ziliandaa CHAN na watu wakaona kwamba tunaweza. Hayo yote ni mema.

Lakini tunauliza: mtoto wa Mbagala atacheza wapi Jumanne jioni? Mbwana Samatta hakuzaliwa kwenye nyasi za Mkapa. Alitoka Mbagala, kwenye soka la mchangani, kabla ya Simba, TP Mazembe, Genk na Aston Villa. Mchangani ndiko kunakotoka wachezaji, na mashindano ya Ndondo jijini Dar es Salaam, kama Koth Biro ya Ziwani kule Nairobi, yamekuwa yakijaza watu pembezoni mwa mstari bila kiti hata kimoja. Na mchanga huo ndio unaoliwa. Kila anayekwenda likizo anarudi na hadithi ileile: kile kiwanja cha shule kimekuwa maduka, kile cha mtaa kimekuwa maegesho ya malori, kile kingine kina ukuta na geti na hakuna anayesema ni cha nani. Viongozi wetu hupenda kukata utepe wa uwanja wa watu 60,000. Utepe wa kiwanja cha mchanga chenye magoli ya miti hauna kamera.

Guangzhou watu wetu wanakodi kwa saa kwa sababu wako ugenini, na mgeni hukodi. Mtoto wa Temeke akodi kwa nani?

Tunachotaka si kikubwa na hakihitaji mkopo wa Beijing. Kila halmashauri ibandike ukutani orodha ya viwanja vya wazi vilivyo kwenye ramani zake za mipango miji, mtaa kwa mtaa, ioneshe kipi kipo na kipi kimevamiwa, na kila kilichobaki kipimwe na kupewa hati kwa jina la wananchi wa mtaa ule. Kazi hiyo ianze sasa, kabla filimbi ya 2027 haijapulizwa. Nanyi wasomaji wetu, wa nyumbani na wa nje, tuandikieni jina la kiwanja mlichochezea utotoni na kilichosimama juu yake leo. Tutayachapisha yote.