Tusidonoe Chuo: Rai kwa Wanaorejea Masomoni



Kila muhula unapofunguliwa hapa Kakamega, wanaoingia chuoni huwa wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana waliotoka shule za upili. Hawa huja na wazazi, masanduku, magodoro na ndoo, nao hupokewa kwa shangwe. Hutengewa siku za kuelekezwa, viongozi wa wanafunzi huwaonyesha maktaba na kumbi za mihadhara, na vyama vya kila namna huwagombea kama mpira wa kona. Wa pili ni sisi tunaorejea. Tulihitimu shahada ya kwanza, tukaenda kufundisha au kutafuta riziki kwingine, na sasa tumerudi kuitafuta shahada ya uzamili. Sisi huingia langoni kimyakimya na mkoba mmoja mgongoni. Hulipa karo, hujisajili, husikiliza mihadhara miwili au mitatu, kisha hukimbilia matatu ya Kisumu, Mumias, Webuye au Chavakali kabla mvua ya alasiri haijashika.

Hakuna anayetupokea, na wengi wetu hatudai kupokewa. Rai yangu katika makala haya ni kuwa kasoro ipo hapo hapo. Kujisajili ni kazi ya siku moja. Kurejea chuoni ni kazi ya muhula mzima, na wengi wetu hatujaianza. Gharama yake inaonekana katika tasnifu zisizokwisha.

Tuanze na mji wenyewe. Miongoni mwa simulizi zinazoeleza asili ya jina Kakamega, iko moja inayopendwa sana na wenyeji. Inasimuliwa kuwa wageni wa Kizungu walipoandaliwa ugali kwa mara ya kwanza, walitaka kula kwa mkono kama wenyeji wao, lakini hawakujua kumega tonge. Wakawa wanaudonoa kwa ncha za vidole kama wanaofinya ngozi ya mtoto, na tendo hilo la kufinya likaupa mji jina. Wako wanaolitafuta chimbuko la jina hili kwingine, na mtaalamu wa isimu ana haki ya kuitilia shaka etimolojia ya namna hiyo. Mwanafasihi hana haja ya kushindana naye. Kwetu sisi simulizi ina ukweli wake: mgeni aliyeketi mezani akadonoa aliondoka na njaa, ingawa sahani ilikuwa mbele yake na hakuna aliyemnyima.

Wanaorejea masomoni tunakidonoa chuo kwa namna iyo hiyo. Tunakigusa kwa ncha za vidole Jumamosi, tunakiacha Jumapili.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kwa miaka mingi maisha ya chuo kikuu nchini Kenya yalikuwa maisha ya bweni. Mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilala chuoni na kulishwa chuoni. Mambo yaligeuka katika mwaka wa masomo wa 1991/92, serikali ilipoleta sera ya kuchangia gharama, na wanafunzi wakaanza kulipia kila sahani waliyokula. Mwaka 1995 Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ikaundwa kwa sheria ya bunge. Kisha ikaja milango mipya: mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia, vyuo vingine vikafuata, na masomo ya jioni, ya mwisho wa wiki na ya likizo yakawapa walimu nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kimepita katika mawimbi hayo hayo. Kilianza kama chuo cha harambee katika miaka ya 1970, kikijulikana kwa jina la WECO. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili.

Mabweni hayakukua kwa kasi ya wanafunzi, hapa wala kwingineko nchini. Ndiyo maana leo sehemu kubwa ya maisha ya mwanachuo wa Kakamega iko nje ya ua, katika vyumba vya kupanga vya Lurambi, Amalemba na Kefinco, mtaa ambao jina lake ni kumbukumbu ya mradi wa maji wa Kenya na Finland. Huko vijana wa shahada ya kwanza wamejijengea chuo cha pili. Wanachangia jiko na unga, wanaazimana madaftari na miavuli, wanajua ni mwenye nyumba yupi anayerudisha amana na ni kibanda kipi kinachokopesha chapati mpaka mkopo utoke. Mjadala ulioanza darasani saa tano huendelea usiku mlangoni pa jirani. Akikosekana mmoja wao siku tatu, mtu hubisha mlango.

Nani hubisha mlango wa mwanafunzi wa uzamili? Wakati wa kozi za darasani angalau jina lake huitwa. Baada ya hapo huanza msimu mrefu wa pendekezo la utafiti, ukusanyaji wa data na uandishi wa tasnifu, na hapo kila mtu hubaki na msimamizi wake na dhamiri yake. Mwezi mmoja hupita bila sura kuandikwa, kisha muhula, kisha mwaka. Karo inalimbikizana. Aibu nayo inalimbikizana, hata mtu akimwona mhadhiri wake sokoni hupitia njia nyingine. Kila msomaji wa jarida hili anamjua walau mtu mmoja aliyefaulu kozi zote na hakuwahi kufika kwenye utetezi. Uwezo anao. Alizama kwa kuwa hakuna aliyekuwa ufuoni.

Hasara hii ni kubwa zaidi katika taaluma yetu. Fasihi ya Kiswahili haikulelewa na mtu mmoja chumbani. Shairi lilitungwa likapelekwa barazani, likajibiwa, likakosolewa mizani na vina, likarudi kwa mtunzi limenolewa. Fasihi simulizi yenyewe haipo bila hadhira. Mwanafunzi anayechunguza utendaji wa isikuti huku akiishi mbali na kila mtu ambaye angeweza kujadiliana naye usiku kuhusu alichokiona mchana, anasoma fasihi kama anayesikiliza ngoma kupitia ukutani.

Lugha yetu, kwa bahati njema, imelitambua jambo hili mapema. Tunayo maneno mawili yanayokaribiana sana: mwanachuo na mwanachuoni. Mwanachuo ni mwanafunzi, awe na miaka kumi na tisa au hamsini. Mwanachuoni ni mtu wa elimu, aliyebobea. Kinachowatenganisha ni kiambishi kimoja tu, -ni ya mahali, yenye maana ya kuwa pale, kuwa ndani. Huyo aliyebobea ameitwa kwa mahali anapokaa. Sitaki kuubebesha mofimu moja mzigo wa falsafa nzima, lakini naona waliolikuza neno hili walijua kuwa elimu hukaa kwa mtu anayekaa nayo.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na ni za haki. Ya kwanza ni ya riziki. Mwalimu mwenye vipindi ishirini na kadhaa kwa wiki, mke au mume, watoto na mkopo wa chama cha akiba hawezi kuambiwa ahamie Lurambi. Atajitetea kwa methali kuwa haba na haba hujaza kibaba. Nakubaliana naye, kwa sharti moja: kibaba hujaa kwa sababu kimetulia mahali pamoja. Kibaba kinachobebwa ndani ya matatu kila wiki humwaga kinapoingia shimoni. Kwa hiyo sidai watu waache kazi. Nadai wawe na mahali, hata kama ni pa siku mbili kwa wiki, ambapo wakikosekana watajulikana kuwa hawapo.

Pingamizi la pili ni la teknolojia. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mihadhara ilihamia kwenye intaneti, na tukagundua kuwa mtu anaweza kusikiliza somo akiwa shambani kwao Butere. Basi ana haja gani ya kurejea? Mimi nadhani kipindi kile kilitufundisha mambo mawili kwa pamoja. Mihadhara iliweza kusafiri. Mazungumzo ya baada ya mhadhara hayakusafiri. Hakuna aliyebaki kwenye skrini baada ya mhadhiri kuaga ili aulize lile swali la kijinga ambalo, mara nyingi, ndilo mwanzo wa mada ya utafiti.

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti, nalo ndilo zito zaidi: ni la hadhi. Ni vigumu kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa kuketi tena kwenye dawati. Kijana wa mwaka wa pili akituona kwenye foleni hutuita “mwalimu” na kutupisha mbele. Ni adabu njema, na sisi huipokea kwa tabasamu, lakini adabu hiyo hutuondoa kwenye foleni ya wanafunzi wenzetu na kutuweka peke yetu. Mwalimu hatarajiwi kusema kuwa nadharia ya umuundo haijamkaa kichwani. Kwa hiyo hasemi, na haimkai.

Tuwatazame waliotutangulia. Euphrase Kezilahabi alipata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na Rosa Mistika ikatoka mwaka uliofuata. Kufikia 1976, alipohitimu uzamili kwa tasnifu kuhusu Shaaban Robert, alikuwa ameshachapisha Kichwamaji, diwani ya Kichomi na Dunia Uwanja wa Fujo. Mwandishi mwenye jina alikubali kuwa mwanafunzi wa mwandishi mwingine. Karibu zaidi na sisi, Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, alichapisha Siku Njema mwaka 1996, kabla ya kupata shahada ya kwanza. Aliketi darasani katika Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa mwandishi na mtangazaji anayefahamika, kisha akaenda Ohio State University nchini Marekani kusomea uzamivu. Hadhi yake haikupungua kwa kuitwa mwanafunzi. Alipofariki Aprili 2020, waliomlilia ni wale waliomsoma na wale waliosoma pamoja naye.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, chama chetu cha Kiswahili kiwapokee wanaorejea kama kinavyowapokea wa mwaka wa kwanza. Kila mwanafunzi mpya wa uzamili apewe mwenyeji kutoka shahada ya kwanza. Kijana atamwonyesha mwenzake mitambo mipya ya usajili na nyumba za kupanga zisizovuja. Mkubwa atamsomea kijana insha zake na kumweleza darasa la sekondari linavyofundishwa kwa hakika. Hakuna atakayekuwa mdaiwa wa mwenzake.

Pili, idara zetu zitenge siku moja maalumu katika juma kuwa siku ya baraza la uzamili. Kila anayehudhuria asome kurasa mbili za kazi yake, hata kama ni mbovu, na wengine wamjibu. Daftari la mahudhurio liwepo. Anayekosa mara mbili mfululizo apigiwe simu na mwenzake, kabla hajapata barua ya ofisi.

Tatu, vyuo vikuu nchini vifikirie kutenga vyumba vichache vya kulala kwa wanaokuja mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Chumba chenye vitanda vinne na meza moja, kwa ada ndogo ya usiku mmoja, kinaweza kuokoa tasnifu nyingi kuliko semina ya siku nzima kuhusu mbinu za utafiti.

Nne, nasi wenyewe tujilazimishe. Wawili au watatu wanaweza kuchangia chumba kimoja Kefinco kwa zamu, wakaacha humo kamusi, sufuria na blanketi. Mtu aliyeacha sufuria yake mahali ana sababu ya kurudi. Tukubali kuitwa wanachuo, tupige foleni, na tukishindwa na nadharia tumuulize hata kijana wa mwaka wa tatu aliyeielewa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana kumsuta mgeni mvivu, na tumesahau kuwa ni heshima pia: anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumbani. Wenyeji wetu vijana, tupeni majembe. Nasi tunaorejea, siku ya tatu isitukute tumeshapanda matatu.