Vijidudu vya Malaria Visomwe Nyumbani

Mkulima auzaye pamba ghafi, kisha akanunua nguo kwa bei asiyoipanga yeye, anaijua hasara yake. Hasara ya namna hiyo imo pia katika vita dhidi ya malaria, kila mara damu ya mgonjwa wa Afrika inapolazimika kupelekwa ng'ambo ili vijidudu vyake visomwe.

Kijidudu kinacholeta malaria kali kina jenomu yenye herufi za urithi zipatazo milioni 23, ambayo ilisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Hakuna macho ya binadamu yawezayo kuzilinganisha herufi hizo. Kazi hiyo ni ya kompyuta. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba baadhi ya vijidudu nchini Rwanda vina badiliko liitwalo R561H, linalopunguza makali ya dawa za artemisinini. Ulinganisho wa kompyuta ulibainisha kwamba badiliko hilo halikuletwa kutoka Asia, bali lilizuka papo hapo. Sampuli zilizokusanywa mkoani Kagera mwaka 2021 nazo zilionyesha badiliko hilo hilo.

Adui huyo, basi, hakuvuka bahari. Kungoja mgeni amsome ni kumpa nafasi ya kuenea. Wakati umefika Serikali na vyuo vikuu viwape wataalamu wazalendo kompyuta zenye nguvu, umeme wa uhakika, na vijana waliobobea katika hisabati na elimu ya viumbe. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.