Mtafiti wa Magonjwa ya Mifugo na Deni la Lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa ni taaluma zipi zinazohitaji huduma yake, aghalabu hutaja ualimu, uanahabari, uchapishaji na tafsiri, na akijikaza sana huongeza ukalimani wa mahakamani. Ni nadra kumsikia akitaja utabibu wa mifugo. Naye mwanafunzi wa utabibu wa mifugo, akiulizwa ni masomo gani yatakayomfaa kazini, hutaja biokemia, takwimu na elimu ya virusi. Kiswahili alikiaga siku alipoufanya mtihani wa kidato cha nne. Makala haya yanashikilia kwamba wote wawili wamekosea, na kwamba gharama ya kosa lao hulipwa na mfugaji.

Kwanza yafaa ieleweke kazi yenyewe ni ipi. Daktari wa mifugo wa kawaida huitwa kumtibu ng'ombe mmoja aliyelala chini. Mtaalamu wa epidemiolojia huuliza kwa nini ni ng'ombe huyo na si yule wa jirani, kwa nini mwezi huu na si uliopita, na ugonjwa utaelekea wapi wiki ijayo. Mgonjwa wake ni kundi zima. Ili aifikie kazi hiyo, kijana wa Kenya husomea shahada ya kwanza kwa miaka mitano, kisha uzamili, na akitaka kufundisha chuoni, uzamifu. Baada ya hapo maisha yake hugawanyika baina ya malisho, maabara, meza ya takwimu na ukumbi wa mihadhara. Ni taaluma ya heshima, na matunda yake yamewahi kubadili historia ya bara zima. Hata hivyo, chombo chake cha kwanza si darubini wala tarakilishi. Ni swali, na swali ni lugha.

Chukua mfano wa sotoka. Ugonjwa huu uliingia Kaskazini Mashariki mwa Afrika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ukipitia Massawa mnamo 1887, na kabla ya karne kwisha ulikuwa umefika ncha ya kusini ya bara. Ng'ombe waliangamia kwa wingi usiosemeka, na njaa ikafuata. Wamaasai wangali wanakikumbuka kipindi hicho kama zama za maangamizi. Chanjo iliyokuja kuuvunja nguvu ugonjwa huo ilitengenezwa papa hapa Kenya, Muguga, na Walter Plowright na wenzake, wakakuza virusi katika chembe za figo za ndama hadi vikapoteza makali. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962, na mnamo 1999 Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani, ikiwa ugonjwa wa pili kufikia hatima hiyo baada ya ndui.

Hadithi hii kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa maabara. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Baina ya 1962 na 2011 pana takriban miaka hamsini, na katika miaka hiyo chanjo ilikuwapo na sotoka nayo ikawapo. Ilichimbia katika maeneo ambako gari la serikali lilifika kwa shida: Sudan Kusini, Karamoja, nchi ya Waafar, na mbuga zinazokaliwa na Wasomali. Katika miaka ya 1990 watafiti kama Jeffrey Mariner walikuwa wameipata chanjo iliyoweza kustahimili joto bila jokofu kwa majuma kadhaa, ila iliwabidi wapate pia watu wa kuipeleka na, zaidi ya yote, wa kuwaambia ilikohitajika. Wakawaendea wafugaji. Wakaketi nao chini ya miti, wakawauliza magonjwa wanayoyajua, majina yake, dalili zake, na mwaka ambao kila ugonjwa ulipita. Mfugaji akachora ramani ardhini kwa kijiti. Akapanga mawe kuonyesha ugonjwa upi huua zaidi. Utaratibu huo ukaja kuitwa epidemiolojia shirikishi, na leo unafundishwa vyuoni kama tawi kamili la taaluma. Kisa cha mwisho cha sotoka kilichothibitishwa popote duniani kilikuwa cha nyati wa Mbuga ya Meru, mwaka 2001. Aliyetaka kuwa na yakini kwamba ugonjwa umekwisha kweli alilazimika kuwauliza maelfu ya wafugaji kama wameuona tena, na kuwauliza kwa maneno wanayoyaelewa.

Methali ya Kiswahili husema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Hakuna kitabu cha epidemiolojia kilicholieleza kwa ufupi zaidi jambo hili la kufuatilia uvumi kabla haujawa msiba.

Homa ya Bonde la Ufa ndiyo inayoonyesha hasara ya kutosikiliza. Iligunduliwa katika kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yakachapishwa mwaka 1931. Virusi vyake hukaa katika mayai ya mbu yaliyofukiwa kwenye udongo mkavu, hata kwa miaka, mpaka mvua kubwa inapofurika na mbu kuanguliwa kwa mawingu. Kondoo na mbuzi hutupa mimba, watoto wao hufa, na binadamu huambukizwa anapochinja, anapozalisha mnyama au anapogusa damu. Mlipuko ulioanza Garissa mwishoni mwa 2006 uliwaua watu zaidi ya 150 nchini Kenya kabla ya kwisha mwaka 2007. Watafiti waliokwenda baadaye kuwahoji wafugaji wa Kisomali waligundua jambo la kutia uchungu: wafugaji wale waliziona dalili zote, mvua isiyo ya kawaida, mbu wasiowahi kuwaona kwa wingi ule, na mimba kutupwa, majuma mengi kabla ya maafisa kufika. Walikuwa hata na jina la ugonjwa, sandik, yaani pua itokayo damu. Taarifa ilikuwapo. Kilichokosekana ni masikio.

Hapa ndipo msomaji wa jarida hili anapoingia, apende asipende. Majina ya magonjwa si vibandiko tu. Ni maarifa yaliyokaushwa na kuhifadhiwa. Wafugaji wengi wanaozungumza Kiswahili hutofautisha ndigana kali na ndigana baridi. Maabara huyataja kama magonjwa mawili yasiyohusiana, kila moja likiwa na kijidudu chake. Lakini yote mawili huletwa na kupe, japo la pili huweza pia kubebwa na nzi wanaouma. Mzungumzaji aliyeyapa jina moja la ukoo, kisha akayatenganisha kwa kivumishi, alikuwa ameshaliona jambo ambalo mtafiti hulitafuta kwa fedha nyingi. Kwa upande mwingine, jina laweza kupotosha. Ugonjwa wa brusela huitwa na wengi ugonjwa wa kutupa mimba. Mfugaji aliyezoea jina hilo, mbuzi wake wakitupa mimba baada ya mafuriko, atadhani ni lile lile la siku zote, kumbe ni homa ya Bonde la Ufa. Na hilo neno homa lenyewe, kwa Mkenya wa kawaida, ni mafua au malaria, jambo la kumeza vidonge na kulala mapema. Nani aliyewahi kulichunguza neno hilo kabla ya kulibandika kwenye mabango ya tahadhari?

Tatizo huwa kubwa zaidi katika istilahi za hesabu. Chukulia boma lenye ng'ombe 200. Leo 20 ni wagonjwa: hiyo ni asilimia 10. Katika mwezi unaofuata, kati ya wale 180 waliokuwa wazima, 9 wanaugua: hiyo ni asilimia 5. Nambari ya kwanza yaeleza ugonjwa ulivyo mwingi, ya pili yaeleza unavyoongezeka. Ugonjwa wa kudumu kama brusela waweza kuwa na nambari ya kwanza kubwa na ya pili ndogo. Ugonjwa wa kuua upesi, kama ilivyokuwa sotoka, hukutwa kwa wanyama wachache siku yoyote ile, ilhali unaliteketeza kundi. Anayezichanganya nambari hizi atapeleka chanjo pasipostahili. Katika Kiswahili cha magazeti, zote mbili huitwa kiwango cha maambukizi. Wakati wa janga la Korona mwaka 2020 neno hilo lilitwishwa mzigo wa tatu: asilimia ya sampuli zilizopatikana na virusi, ambayo hutegemea sana ni nani aliyepimwa. Taifa zima likawa linasikia kiwango cha maambukizi kimepanda au kimeshuka bila kujua ni kipi kati ya vitatu. Kusema kiwango cha walio wagonjwa, kiwango cha visa vipya na asilimia ya vipimo si ufundi mkubwa. Ilitosha mtu wa lugha na mtu wa takwimu kuketi meza moja kwa alasiri moja.

Haisemwi kwamba hakuna kilichofanywa. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na hakika ni kazi ya kutukuka. Lakini kamusi humfaa aliyekwisha kulijua neno la Kiingereza. Haimwambii mtafiti kwamba akimuuliza mfugaji, "Je, mifugo wako wamechanjwa?" huenda akajibiwa ndiyo kwa sababu mwezi uliopita walidungwa sindano ya minyoo. Kwa wengi sindano ni sindano. Jibu hilo huingia katika hojaji, kutoka hapo likaingia katika tarakilishi, na hatimaye katika makala ya kitaaluma yenye jedwali safi. Hakuna hesabu ya takwimu inayoweza kuliosha.

Wapo watakaopinga kwamba lugha ya sayansi duniani ni Kiingereza, na kwamba mhadhiri wa epidemiolojia hupandishwa cheo kwa makala yaliyochapishwa ng'ambo. Hoja hiyo ina uzito, na haimtaki mhadhiri aache kuandika Kiingereza. Inachofichua, hata hivyo, ni kasoro ya mizani yenyewe: makala yanayosomwa na wataalamu wachache humpandisha mtu cheo, ilhali kijitabu cha Kiswahili kinachosomwa na wafugaji wa wilaya nzima hakimwongezei chochote. Idara za Kiswahili, ambazo nazo huwapima wahadhiri wao kwa uhakiki wa riwaya na mofolojia pekee, hazina haki ya kucheka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mfugaji wa Garissa anaota kwa Kisomali, wa Lodwar kwa Kiturkana, wa Kajiado kwa Kimaasai. Kiswahili kwao ni lugha ya soko na ya afisa. Mkereketwa wa Kiswahili anayedhani lugha yake itachukua nafasi ya sandik atakuwa amerudia kosa lile lile la Kiingereza, tena kwa karibu zaidi. Kazi ya Kiswahili hapa ni ya daraja: kulipokea neno la mfugaji lilivyo, kulieleza, na kulifikisha kwa afisa aliyetoka kaunti nyingine, bila kulivua nguo njiani.

Kuanza hakuhitaji tume wala bajeti. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetafuta mada ya tasnifu, badala ya kuchambua kwa mara ya mia usawiri wa wahusika wa kike katika riwaya ile ile, aweza kuchukua matatu moja hadi Kabete, akaomba hojaji moja inayotumiwa na wanafunzi wa uzamili. Aitafsiri kwa Kiswahili, mwenzake asiyeiona ya asili airudishe katika Kiingereza, kisha zilinganishwe. Aipeleke Dagoretti, ambako wenye mifugo hukutana na wachinjaji kila alfajiri, awasomee watu kumi swali baada ya swali. Kila mmoja aulizwe amelielewaje swali hilo na neno lipi limemkwaza, na jibu lake liandikwe lilivyo.