Matembezi na mtoto mwenye usonji: panga kwanza safari ya kurudi

Shule zikifungwa mwezi Juni, nyumba nyingi za Buganguzi huwa na mazungumzo yaleyale. Nani anakwenda Bukoba kuona ziwa, nani anakwenda kwa shangazi Muleba mjini, nani anabaki kuangalia nyumba na mbuzi. Katika nyumba yenye mtoto mwenye usonji, swali hilo la mwisho huwa limeshajibiwa kabla halijaulizwa. Atabaki yeye, na bibi atabaki naye.

Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Mama anakumbuka harusi ya mdogo wake, spika zilipofunguliwa na mtoto akaanza kujipiga kichwani. Baba anakumbuka jinsi kanisa zima lilivyogeuza shingo. Bibi mwenyewe ndiye anayesema, "Mwacheni mjukuu wangu, mtamsumbua bure." Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto anafikisha miaka kumi akiijua njia moja tu, ile ya kutoka mlangoni hadi mwisho wa kibanja.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, hauletwi na malezi mabaya, wala si kulogwa. Ni ubongo kukua kwa namna tofauti tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Kwa mzazi anayepanga matembezi, mambo mawili ndiyo yenye uzito zaidi. La kwanza, watoto wengi wenye usonji husikia, huona, hunusa na huguswa kwa kiwango ambacho si cha wengine: honi ambayo kwa dada yake ni kelele tu, kwake inaweza kuwa maumivu. La pili, mabadiliko ya ghafla huwatisha. Anayejua kuwa saa nne ni uji hafurahii kuambiwa saa nne ni pikipiki.

Kwa hiyo matembezi mazuri huanza wiki kadhaa kabla, na huanza karibu. Gulio linafaa kwa mazoezi, mradi familia ifike asubuhi wakati wauzaji bado wanapanga nyanya na hakuna msongamano. Mara ya kwanza ni kufika ukingoni, kununua ndizi mbivu na kurudi. Dakika kumi na tano zinatosha. Juma linalofuata mtoto aingie hatua chache zaidi. Jirani atacheka kwamba watu wamevaa nguo nzuri kwenda kununua ndizi wakati zimejaa nyumbani. Acha acheke.

Katika mazoezi hayo mzazi anajifunza jambo ambalo hakuna daktari anayeweza kumwambia, yaani dalili za mtoto wake mwenyewe kabla hajafika mwisho wa uvumilivu. Mmoja huanza kuziba masikio. Mwingine hutembea kwa vidole, au hurudia neno moja, au huishika nguo ya mama na kuivuta. Dalili hiyo ikionekana, ndiyo saa ya kuondoka. Familia nyingi huiona, halafu zinasema "ngoja kidogo tu tumalize". Huo ukidogo ndio unaoharibu siku.

Hapa ndipo mpango wa kurudi unapokuwa muhimu kuliko mpango wa kwenda. Tuseme familia ya watu watano inataka kutoka Buganguzi hadi Bukoba: baba, mama na watoto watatu, wa katikati ana miaka saba na ana usonji. Kabla ya kuamua watabeba chakula gani, waamue nani atarudi na mtoto huyo mambo yakigoma, na wale wengine watabaki na nani. Nauli ya kurudi ya watu wawili iwekwe mfuko wa peke yake na isiguswe, hata kwa soda. Wakikubaliana hivyo mapema, mtoto akichoka saa tano asubuhi hakuna ugomvi, hakuna dada mkubwa anayelia kwamba siku yake imeharibiwa, na hakuna mama anayebeba lawama. Wawili wanarudi, watatu wanaendelea kula samaki.

Na anayerudi asiwe mama kila mara. Akina baba wengi husema mtoto amemzoea mama yake. Ni kweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyejaribu.

Safari yenyewe ndiyo sehemu ngumu. Bodaboda hadi Muleba, kisha gari la abiria kupita Muhutwe na Kemondo, watu wamebanana, redio iko juu, na konda anagonga bati kila kituo. Familia ikiweza, ipande gari linaloanzia safari hapo hapo ili ichague kiti, na mtoto akae dirishani, mtu wake akiwa upande wa pili kama ukuta. Siku ya kazi ni bora kuliko Jumamosi. Dereva akiombwa kwa heshima kabla gari halijaondoka, wengi hupunguza redio: "Kaka, samahani, mwanangu ana usonji, kelele zinamuumiza. Naomba upunguze kidogo." Ombi hilohilo likitolewa katikati ya safari, mtoto akiwa tayari analia, hupokelewa kama ugomvi. Kama hakuna hedifoni za kuzuia kelele, na Muleba si kila duka linazo, kofia ya sufi inayofunika masikio husaidia kiasi.

Mtoto asiyeongea, au anayeongea kidogo, anahitaji kuoneshwa siku itakavyokuwa. Mpango wa siku kwa picha umetumika kwa miongo mingi na wataalamu wa usonji, na hauhitaji kifaa cha kununua. Baba akienda Bukoba kwa shughuli zake apige picha kwa simu: bodaboda, gari, ufukwe, choo cha pale, sahani ya chakula. Picha ya mwisho iwe mlango wa nyumba yao wenyewe. Mtoto aoneshwe kwa mpangilio uleule kila jioni kwa siku kadhaa, kisha tena njiani, kila hatua ikiisha. Ile picha ya nyumbani ndiyo humtuliza, maana inamwambia kuwa mambo haya yana mwisho. Asiye na simu janja achore kwenye boksi kwa mkaa. Michoro haihitaji kuwa mizuri.

Chakula kisiwe cha kujaribu siku hiyo. Watoto wengi wenye usonji hula vitu vichache tu, na sato wa kukaanga mbele ya ziwa hana maana kwa anayekula ndizi za kuchemsha zisizo na mchuzi. Zibebwe ndizi zake, kikombe chake, na nguo mbili za kubadilisha kwa sababu choo kigeni kinaweza kumfanya ajizuie hadi ashindwe. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, hivyo anayetumia dawa asikose dozi kwa sababu ya safari.

Sasa maji. Kagera ni mkoa wa ziwa, na watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji kuliko kitu kingine chochote: yanavyong'aa, yanavyocheza, yanavyobana mwili kwa utulivu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics ulionesha kuwa karibu nusu ya watoto wenye usonji wa kuanzia miaka minne walishawahi kujaribu kutoroka mahali salama angalau mara moja. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliopitia vyeti vya vifo vya Marekani, ulionesha kuwa mtoto mwenye usonji wa chini ya miaka 15 ana uwezekano wa kufa maji mara 160 zaidi ya watoto kwa jumla. Ni takwimu za mbali, lakini maji ni maji.

Hii haina maana kwamba wasiende ziwani. Ina maana kwamba ufukweni lazima awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni mtoto huyo tu. Hapigi picha, hachomi samaki, hajibu simu. Kila nusu saa abadilishwe, na anayempokea aseme kwa sauti, "Sasa niko naye mimi." Watoto wengi wamepotea katikati ya watu wazima sita, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Dada wa miaka kumi na mbili asipewe kazi hiyo. Naye amekuja kucheza.

Asubuhi ya safari mtoto apigwe picha akiwa na nguo alizovaa, na nguo iwe ya rangi kali, ya njano au ya chungwa. Ndani ya shati ishonwe au iandikwe namba ya simu ya mzazi, maana mtoto asiyeweza kutaja jina lake hawezi kusaidiwa na msamaria. Akitoweka, watu wasianze kwenye maduka wala kituo cha magari. Waende kwanza kwenye maji: ziwani, kisimani, kwenye mtaro, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Maduka yanaweza kusubiri. Ushauri huu unahusu Buganguzi kama unavyohusu Bukoba, kwa sababu mtoto anaweza kutoka mlangoni siku yoyote. Wenye visima vya karibu na vijana wa kijiwe cha bodaboda wakimjua kwa sura na wakijua amrudishwe wapi, hiyo ni kinga isiyo na gharama.

Ziwa Victoria lina kichocho pia. Dawa zake hugawiwa zaidi shuleni, na mtoto mwenye usonji ambaye hajaandikishwa shule ni rahisi kukosa dozi ambayo kaka zake wamepata. Mzazi aulize zahanati kabla na baada ya safari. Zaidi ya hapo, aulize pia kwa nini mtoto hajaandikishwa, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Itatokea, licha ya maandalizi yote, mtoto alipuke. Aanguke chini, apige kelele, ajing'ate. Huko si kudeka. Anayedeka huchungulia kama mama anatazama na hunyamaza akipewa pipi. Huyu hata pipi haioni, kwa kuwa amezidiwa. Kumchapa ni kumwongezea kile kilichomzidi. Asogezwe kivulini, maneno yapungue, mtu mmoja tu abaki naye, wengine wageuke na kuzuia watazamaji. Wapo wanaotulia wakifunikwa kwa kitenge, wapo wasiotaka kuguswa kabisa, na mzazi ndiye anayejua.

Watazamaji hawatakosekana. Atatokea mzee wa kusema mtoto hana adabu, na mwingine atashauri aombewe palepale. Sentensi fupi iliyokaririwa nyumbani hufaa kuliko mabishano: "Shikamoo mzee. Mjukuu wako ana usonji, amechoka na kelele, atatulia baada ya muda." Watu wengi wa Kagera wakishaitwa babu au shangazi hulainika, na baadhi husaidia kutawanya watoto wanaoshangaa. Asiyelainika aachwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 inataja wazi kuwa mtoto mwenye ulemavu ashiriki michezo na burudani sawa na wenzake. Hakuna haja ya kumsomea mtu ibara ufukweni, ila mzazi aijue moyoni mwake anapotazamwa.

Juni na Julai ndiyo miezi ya kujaribu. Mvua zimepungua, barabara za vumbi za Buganguzi zinapitika, na ufukwe wa Bukoba asubuhi ya Jumanne huwa mtulivu kuliko Jumapili yenye muziki. Desemba ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, nyumba zimejaa, kuna harusi na komunio. Si mwezi wa kuanzia. Familia ambayo itakuwa imeshakwenda gulioni mara nne na ziwani mara moja, hata kwa saa moja, itakuwa inajua kufikia Desemba kama mtoto akae ukumbini mwanzo wa sherehe, kabla muziki haujafunguliwa, au aje wakati wa chakula na kuondoka.