MABUA TUNACHOMA, MBOLEA TUNAKOPA



Wiki hii kila jioni moshi umetanda bondeni. Tusisingizie wawindaji wala watoto, ni sisi wenyewe tunaosafisha mashamba. Asubuhi yake ni sisi hao hao tumepanga foleni mlangoni mwa ghala, masizi bado mikononi, tunaandikisha mbolea ya mkopo. Sisi wa kamati ya kilimo tunasema wazi kwamba hapo hesabu imetushinda.

Ekari moja ikitoa magunia 10 ya kilo 100, hiyo ni tani 1 ya mahindi, na mabua yanayobaki uzito wake haupungui hapo. Tani moja ya mabua makavu ina naitrojeni kilo 5 mpaka 8, na potasi zaidi ya hiyo. Ukiwasha kiberiti, naitrojeni karibu yote inakwenda na moshi. Potasi inabaki kwenye majivu, na majivu upepo wa Septemba tunaujua unavyoyafanya. Sasa mfuko wa UREA wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Mwenye ekari 3 anaweza kuchoma zaidi ya nusu mfuko, pengine mfuko mzima, kisha anakuja kukopa mwingine!

Hatudanganyi watu kwamba mabua yatafanya kazi ya mfuko msimu huo huo. Yanaoza polepole. Faida ya kwanza ni maji. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ikikatika wiki mbili wakati mahindi yanatoa mbelewele, ndipo gunia linapopotea. Ardhi iliyofunikwa na matandazo haikauki upesi, na mvua kubwa ya Desemba haiipigi ikachukua udongo mpaka mtoni.

Wazee waliochoma hawakuwa wajinga. Bungua hujificha ndani ya bua akingoja msimu ujao, na moto ulimmaliza. Lakini mabua yakikatwa na kulazwa chini juani wiki nne hivi, wengi wao hufa pia. Yasiachwe yamesimama, basi. Shamba lililoshambuliwa sana, mwenyewe aje tuzungumze.

Kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuyafukia mabua makavu mengi kwa jembe karibu na kupanda. Vijidudu vinavyoyaozesha vinanyang'anya naitrojeni ya udongo, na mahindi yanatoka ya njano kama yana homa. Yaache juu, na kwenye shimo la mbegu tia samadi iliyooza. La pili ni kumwaga UREA juu ya matandazo. Inapaa hewani, jamani! Funua, weka pembeni mwa shina udongo ukiwa na unyevu, fukia, rudishia matandazo. Ni kazi, ndiyo, lakini deni nalo ni kazi.

Tunajua mgogoro wenyewe uko kwenye ng'ombe. Mavuno yakiisha, kila shamba linakuwa la kila ng'ombe, na mwenye kulaza mabua yake anayakuta yameliwa yote. Ndiyo maana wengine wanasema, heri nichome mwenyewe. Wenye mifugo nao wana haki, Oktoba majani hakuna. Ila samadi inabaki zizini kwa mwenye ng'ombe, na mwenye shamba anabaki na vumbi. Hilo si ushirika.

Hoja yetu kwa mkutano mkuu ni hii. Kuchoma mabua kupigwe marufuku, na mwenye kuchoma asiandikiwe mkopo wa mbolea msimu huo. Ng'ombe wasiingie shamba la mtu bila ruhusa hata baada ya mavuno. Mwenye shamba akate mabua, nusu yabaki shambani, nusu achukue mwenye mifugo, naye arudishe samadi kabla ya mvua za Novemba. Mkokoteni wa ushirika utumike kubebea, maana kusema samadi irudishwe kichwani ni maneno matupu. Kiasi gani cha samadi kwa mzigo gani wa mabua, mkutano uamue. Sisi wenyewe kwenye kamati hatujakubaliana, na wawili kati yetu wana ng'ombe.

Anayeona tumekosea, kalamu iko kwa karani. Chini hapa tumeacha nafasi.